Unapounganisha Makala, Mtaje Aliyeandika

Habari zenu, ndugu wahariri, wakabidhi mnaosimamia kurasa na kuzifuta inapobidi, na ninyi mnaojiunga nasi kwa mara ya kwanza. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie kuunganisha makala katika Wikipedia. Nimekubali, ila nitazungumzia pia leseni, kwa sababu sijui namna ya kulieleza moja na kuliacha jingine. Wengi wetu tumejifunza kuunganisha kama kazi ya usafi: makala mbili zinasema jambo moja, tunazifanya kuwa moja, tunaendelea na kazi nyingine. Usafi huo ni mzuri na unahitajika. Lakini ukifanywa vibaya, watu walioandika wanapotea, na wakishapotea ni kazi kubwa kuwarudisha.

Tuanze na kitufe cha kuchapisha, ambacho kila mtu humu ndani amekibonyeza. Karibu na kitufe hicho pana maneno madogo yanayosema kwamba unapochapisha unakubali kutoa mchango wako chini ya leseni ya Creative Commons, CC BY-SA 4.0, pamoja na ile ya zamani ya GFDL. Yanasema pia kwamba unakubali kiungo au anwani ya ukurasa kuwa njia ya kutosha ya kukutaja. Maneno hayo ni mkataba. Hukuuza maandishi yako wala hukumpa mtu umiliki wake. Hakimiliki ya sentensi yako inabaki kwako, si mali ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, si mali ya mkabidhi, si mali ya anayekuja kuisahihisha kesho. Ulichotoa ni ruhusa: mtu yeyote anaweza kunakili, kubadilisha, hata kuuza, mradi amtaje aliyeandika, aonyeshe kama amebadilisha kitu, na anachokitengeneza akitoe kwa masharti yaleyale.

Sasa, aliyeandika ni nani? Makala ya Wikipedia haina jina la mwandishi juu yake. Jina liko katika ukurasa wa historia, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe na saa. Ukurasa huo ndio orodha yetu ya waandishi, na hatuna nyingine. Ndiyo maana kiungo kinatosha: ukimpeleka msomaji kwenye makala, umempeleka pia kwenye historia yake, na humo majina yote yamo. Mpango mzima wa leseni yetu unasimama juu ya ukurasa ambao wasomaji wengi hawajawahi kuufungua.

Nitatoa mfano mmoja na nitakaa nao muda mrefu kidogo.

Chukulia tuna makala mbili. Moja inaitwa Volkeno, nyingine Volkano. Zimeanzishwa na watu wawili ambao hawakujua kama mwenzake yupo. Ya kwanza ni ndefu, ina picha, ina vyanzo. Ya pili ni mbegu, yaani makala fupi inayoanza tu, ya aya tatu, lakini aya yake ya mwisho ni dhahabu: inaeleza tofauti kati ya magma iliyo chini ya ardhi na lava iliyokwisha kutoka, inaeleza kwa nini lava nzito huziba njia na kuleta mlipuko mkubwa, na inataja kitabu hadi ukurasa. Aliyeiandika alikaa chini akafikiri. Hii ni kazi inayoonekana kwa macho.

Unakuja wewe. Unaona makala mbili za jambo moja, na unaamua, kwa usahihi kabisa, kwamba ziunganishwe. Unanakili ile aya, unaibandika katika Volkeno, unachapisha. Sehemu ya muhtasari, ile ya kueleza ulichobadilisha, unaiacha tupu, au unaandika "nimeongeza". Kisha unaigeuza Volkano kuwa ukurasa wa kuelekeza, unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye Volkeno.

Fungueni sasa historia ya Volkeno. Pembeni ya jina lako pana namba ya kijani, baiti elfu mbili na kitu zimeongezwa. Kwa yeyote anayesoma historia hiyo, aya ile ni yako. Hukusema uongo popote, hukusema "mimi ndiye niliyeandika". Lakini ukurasa unasema hivyo kwa niaba yako, na utaendelea kusema.

Miaka miwili baadaye msomaji mmoja anagundua kwamba sentensi fulani katika aya hiyo haiendani na kitabu kilichotajwa. Anatafuta aliyeiweka, anakukuta wewe, anakuandikia katika ukurasa wako wa majadiliano. Huna la kumjibu. Kitabu hukukisoma. Anayejua yupo, pengine bado anahariri kila wiki, lakini hakuna njia inayomfikia. Kwa hiyo kumtaja mwandishi kunagusa sheria, na kunagusa pia ukweli wa makala yenyewe. Kamusi elezo inayoandikwa na kila mtu inaaminika kwa sababu kila neno linaweza kufuatiliwa hadi kwa aliyeliandika na siku aliyoliandika. Ukikata uzi huo, umepunguza imani ambayo msomaji anaweza kuiweka katika ukurasa mzima.

Dawa yake ni sentensi moja. Katika muhtasari wa Volkeno andika: "Maandishi haya yametoka [[Volkano]], kwa waandishi wake tazama historia ya ukurasa huo." Na unapoigeuza Volkano kuwa ukurasa wa kuelekeza, andika: "Yaliyomo yameunganishwa na [[Volkeno]]." Sehemu ya muhtasari siku hizi inapokea herufi 500, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Ukitaka kufanya vizuri zaidi, weka taarifa katika kurasa zote mbili za majadiliano, yenye tarehe. Mihtasari huzama chini kadiri historia inavyokua. Taarifa ya majadiliano hubaki juu mahali inapoonekana.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likifundishwa vya kutosha: mpangilio wa hatua. Bandika kwanza maandishi kama yalivyo, uchapishe, ndipo uanze kuyarekebisha katika hariri inayofuata. Ukibandika na kusahihisha kwa pigo moja, hakuna atakayeweza kupambanua kipi kilikuja na kipi umekibadilisha wewe. Na leseni inataka mabadiliko yaonyeshwe. Ukitenganisha hatua hizo mbili, programu yenyewe inaonyesha tofauti kwa rangi, na huhitaji kueleza chochote.

Nije kwenye kosa ninaloliogopa kuliko yote, na hapa nazungumza na wakabidhi hasa. Ni kuufuta ukurasa wa chanzo baada ya kuunganisha. Nia huwa njema: "Makala imeshahamia kule, ya nini kuacha kurasa mbili?" Lakini ukurasa ukifutwa, historia yake inafichwa kwa kila mtu isipokuwa wakabidhi. Majina yanatoweka. Muhtasari unaosema "tazama historia ya Volkano" unakuwa unamwelekeza msomaji kwenye ukurasa mtupu. Maandishi yanaendelea kusomwa, wenyewe hawaonekani tena. Nawaomba sana, makala iliyounganishwa isifutwe. Iachwe kama ukurasa wa kuelekeza hata kama jina lake lina kosa la tahajia. Ukurasa wa kuelekeza haugharimu kitu, na unamsaidia pia yule atakayetafuta kwa tahajia hiyohiyo kesho.

Pakiwa na sababu nzito ya kuondoa jina hilo, basi kabla ya kufuta, nakili orodha ya waandishi na tarehe zao uiweke katika majadiliano ya makala iliyopokea. Leseni inaruhusu. Ni njia duni, kwa sababu orodha haionyeshi nani aliandika sentensi ipi, lakini majina angalau yanabaki. Na kama ukurasa ulishafutwa zamani, mkabidhi anaweza kuurudisha na kuugeuza kuwa wa kuelekeza. Kazi ya dakika chache.

Watu huuliza kuhusu kile chombo cha wakabidhi cha kuunganisha historia, kinachochukua historia za kurasa mbili na kuzifanya moja. Kinafaa pale ambapo mtu alihamisha makala kwa kunakili na kubandika badala ya kutumia kitufe cha kuhamisha. Hapo historia ilikatika katikati, nusu huku nusu kule, na chombo kinaziunga upya kwa mfuatano wa tarehe. Lakini kwa makala kama Volkeno na Volkano, zilizoishi sambamba kwa muda, kukitumia ni kuharibu. Hariri za kurasa mbili tofauti zitachanganyika kwa tarehe, na anayelinganisha toleo moja na linalofuata ataona makala inayobadilika sura kila mstari. Hapo sentensi ile moja ya muhtasari ni bora kuliko chombo chochote.

Swali la kama makala ziunganishwe au la sitalizungumzia sana. Zikiwa zinasema jambo lilelile, unganisha tu, huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Zikiwa zinakaribiana bila kufanana, weka kigezo cha pendekezo, yaani bango la kupendekeza ziunganishwe, katika zote mbili, anzisha majadiliano, wape watu muda. Maoni yangu ni kwamba tunaunganisha mbegu kwa haraka mno. Makala ya aya mbili haina kosa kwa kuwa fupi. Swali ni kama mada yake inaweza kukua ikasimama peke yake. Mlipuko wa Krakatoa wa mwaka 1883 una haki ya makala yake hata kama leo tuna mistari minne tu. Usiumeze ndani ya Volkeno kwa sababu ya ufupi.

Mkishaunganisha, kagueni pia kurasa nyingine zilizokuwa zikielekeza kwenye jina la zamani, kwa sababu programu hufuata elekezo moja tu na kusimama. Na katika Wikidata, hazina ya data inayounganisha makala za lugha zote, unganisheni vipengele viwili vilivyobaki. Huko hakuna wasiwasi wa leseni, kwa kuwa data zake zimetolewa kwa CC0, bila sharti la kumtaja mtu.

Turudi kwenye leseni, maana ina historia yake, na historia hiyo inaeleza mambo mengi tunayoyafanya leo.

Wikipedia ilipoanza Januari 2001, Creative Commons haikuwa imetoa leseni hata moja. Za kwanza zilitoka Desemba 2002. Kwa hiyo tulitumia GFDL, leseni ya Free Software Foundation iliyotungwa kwa ajili ya miongozo ya programu za kompyuta. Ilikuwa ngumu kwa kazi yetu. Aliyetaka kuchapisha makala iliyobadilishwa alitakiwa ataje angalau waandishi wakuu watano, ahifadhi sehemu ya historia, na aambatishe leseni nzima. Hebu fikirieni mwalimu anayetaka kugawa karatasi moja darasani, anabeba na kurasa kadhaa za sheria. Mwaka 2008 ikatoka GFDL toleo la 1.3, yenye kifungu kilichofungua mlango kwa tovuti za wiki kama yetu kuhamia CC BY-SA, na mlango huo ulikuwa ufungwe tarehe 1 Agosti 2009. Wanajumuiya walipiga kura, wengi wao wakakubali, na Juni 2009 tukahamia CC BY-SA 3.0. Mwaka 2023 tukapanda hadi 4.0.

Mabadiliko ya 2023 yalikuwa na faida mbili ambazo wahariri wengi bado hawajazitumia. Ya kwanza: kabla yake, maandishi ya nje yaliyotolewa kwa CC BY-SA 4.0 hayakuweza kunakiliwa kwetu, kwa sababu leseni hizi hupanda toleo, hazishuki. Sasa yanaweza, mradi chanzo kitajwe. Ya CC BY, leseni inayodai kutajwa tu, pia yanaingia. Yasiyoingia ni yale yanayokataza biashara (NC) au yanayokataza kubadilishwa (ND), hata kama yana nembo ya Creative Commons juu yake. Nembo peke yake haitoshi. Someni herufi zinazofuata.

Faida ya pili inawahusu wanaochukua kutoka kwetu, na sisi wenyewe tunaochukua kutoka kwa wenzetu. Chini ya leseni hii, ukikiuka masharti ruhusa yako inakatika papo hapo. Unakuwa mtu anayetumia maandishi ya mwingine bila idhini. Lakini toleo la 4.0 linasema ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua kosa, ruhusa inarudi yenyewe. Nalipenda sana sharti hili. Linatambua kwamba watu hukosea bila ubaya, na linawapa njia ya kurudi bila mahakama wala kuombana radhi.

Haki ya kutajwa haikubuniwa na watu wa intaneti. Mkataba wa Berne kuhusu kazi za fasihi na sanaa ni wa mwaka 1886, na mwaka 1928, ulipofanyiwa marekebisho kule Roma, uliongezewa haki ya mwandishi kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika, hata baada ya kuziachia haki zake za kiuchumi. Mhariri wa kujitolea amemruhusu kila mtu kutumia kazi yake bila malipo. Hapati mshahara, hapati sehemu ya kitabu kikiuzwa. Amebakiza jambo moja tu, nalo ndilo tunalolifuta tunapoacha muhtasari mtupu.

Haidhuru kama anatumia jina la kubuni. Leseni inasema wazi kwamba jina la kubuni litajwe iwapo ndilo mwandishi alilolichagua. Mtu anayehariri kwa jina ambalo hata mkewe au mumewe halijui ana haki ileile kama profesa anayehariri kwa jina lake la cheti.

Na nisikilizeni kuhusu tafsiri, maana jumuiya yetu ya Kiswahili inatafsiri sana. Tafsiri ni kazi iliyotokana na kazi nyingine. Ukitafsiri makala ya Kiingereza au ya Kifaransa, waandishi wa kule wanabaki kuwa waandishi, na wewe unaongezeka kama mfasiri. Kile chombo cha kutafsiri kilichomo ndani ya Wikipedia huandika muhtasari chenyewe na kuweka kiungo cha makala ya asili. Anayetafsiri kwa mkono hana budi kuandika mwenyewe: "Imetafsiriwa kutoka [[:en:Volcano]], waandishi wako katika historia ya ukurasa huo." Wapo wanaosema viungo vya lugha nyingine vilivyo pembeni ya ukurasa vinatosha. Havitoshi. Viungo hivyo vinasema tu kwamba mada hiyo ipo pia kwa Kiingereza. Havisemi kwamba maneno haya yalitoka huko.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Nimechukua sentensi mbili tu, nani atajali?" Tutenganishe mambo. Ukweli wa jambo hauna mwenyewe. Kwamba Vesuvius ulilipuka mwaka 79 na kuufunika mji wa Pompeii, hilo ni la kila mtu. Liandike kwa maneno yako, taja chanzo chake, huna deni kwa mhariri yeyote. Chenye mwenyewe ni namna lilivyosemwa: mpangilio, uchaguzi wa maneno, mfano uliotumika. Kama umechukua orodha ya tarehe tupu, au umeisoma aya ukaiandika upya kabisa kutoka katika vyanzo, uko huru. Kama umenakili na kubandika, andika ile sentensi. Na ukiwa na shaka uko upande upi, andika tu. Kumtaja mtu ambaye hukulazimika kumtaja hakumwumizi yeyote.

Kuna wanaonikatisha wakisema haya ni mambo ya wanasheria. Naomba nijibu kwa yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2002 sehemu kubwa ya wahariri wa Wikipedia ya Kihispania walihofia kwamba matangazo ya biashara yangewekwa katika tovuti. Wakaondoka, wakachukua makala, wakaanzisha kamusi elezo yao, Enciclopedia Libre. Mwaka 2006 wahariri wa Kijerumani wa mwongozo wa safari uitwao Wikitravel, tovuti iliyokuwa imenunuliwa na kampuni, waliondoka na maandishi yao wakajenga Wikivoyage, ambayo mwaka 2013 ikawa mradi wa Wikimedia. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Leseni ilikuwa imeshawapa, na sharti lake lilikuwa majina ya waandishi yaende pamoja na maandishi. Ulinzi wetu wa mwisho ni huo: mwenye tovuti akigeuka, wanaoandika wanaweza kubeba kazi yao. Lakini historia iliyokatwakatwa haibebeki kihalali. Kila muunganisho usio na chanzo ni kipande ambacho hatuwezi kuthibitisha ni cha nani.

Na tufikirie wanaochukua kutoka kwetu leo. Makala zetu zinasomwa katika simu, katika injini za utafutaji, katika programu zinazojibu maswali, mara nyingi bila jina la mtu yeyote. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Basi na sisi tuanze nyumbani. Siwezi kumwandikia mchapishaji nikimtaka ataje waandishi wetu wakati historia ya makala aliyoichukua haiwataji.

Sasa kuhusu miunganisho ya zamani, maana ipo mingi. Muhtasari ukishachapishwa haubadilishwi. Usihangaike kuurudisha nyuma. Fungua makala iliyopokea maandishi, fanya hariri ndogo sana, hata nafasi moja, na katika muhtasari andika: "Maandishi yaliyoongezwa hapa tarehe fulani yalitoka [[Volkano]], tazama historia yake." Sharti limetimia kuanzia hapo. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo, hata kama si yeye aliyeunganisha, wala hahitaji kumlaumu aliyesahau.

Kuzitambua si vigumu. Chukua ukurasa wa kuelekeza, fungua historia yake, tazama kama uliwahi kuwa makala. Kama uliwahi, angalia siku ulipogeuzwa, kisha fungua historia ya ukurasa unaoelekezwa ukatafute siku hiyohiyo. Ukiona baiti nyingi zimeongezeka kwa mkupuo na muhtasari hauna maelezo, linganisha maneno. Yakifanana, umempata aliyesahauliwa.

Baada ya mapumziko nitakuwa meza ya kushoto na orodha ya kurasa za kuelekeza ambazo zamani zilikuwa makala. Kila mmoja achukue chache. Wakabidhi waliopo, naomba angalau mmoja wenu akae nasi, kwa sababu baadhi ya kurasa hizo zilifutwa na tutahitaji zirudishwe kwanza. Kabla ya hapo, nakaribisha maswali.